Mfumo wa kompyuta kumpa alama daktari tarajali kwa dawa anazoandika: naunga mkono, ila kwanza tujue nani kaamua

Mfamasia wa Nyanda

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mfamasia wa hospitali, niko mkoa wa Mbeya. Hospitali siitaji, maana ninayoyasema yapo hospitali nyingi na sitaki uzi ugeuke kutafuta mchawi. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Tangu hospitali zetu zianze kuandika dawa kwenye kompyuta badala ya karatasi, kuna wazo linazunguka vikaoni: kwa kuwa kila dawa sasa inaacha kumbukumbu, kwa nini mfumo wenyewe usiwapime madaktari tarajali? Unawekewa Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, unapewa uzito wa mgonjwa, majibu ya figo na dawa nyingine anazotumia, na kila tarajali akiandika dawa mfumo unalinganisha. Akimaliza mzunguko wake katika idara, alama inatoka.

Wazo lenyewe nalitaka. Namna linavyopangwa kutekelezwa ndiyo naipinga.

Kwanza kwa nini nalitaka. Kijana ametoka chuo baada ya miaka mitano, anaingia miezi 12 ya utarajali, anazungushwa idara moja hadi nyingine, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika ndipo linampa usajili kamili. Katika miezi hiyo yeye ndiye anaandika dawa kuliko mtu yeyote wodini. Sehemu kubwa ya maagizo yanayofika dirishani kwetu yana jina lake. Na hakuna anayerudi kumwambia, ile dozi ya Jumanne haikuwa yenyewe. Famasi tukiona tatizo tunapiga simu wodini, anayepokea ni mwingine wa zamu, anarekebisha, yameisha. Aliyeandika hajui chochote. Wiki inayofuata anaandika vilevile kwa mgonjwa mwingine.

Msidhani ni tatizo la kwetu peke yetu. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliotolewa 2009, katika hospitali 19 za kaskazini-magharibi mwa England. Walikagua maagizo ya dawa 124,260, wakakuta makosa 11,077, yaani karibu 9 katika kila 100. Madaktari wa mwaka wa kwanza walikuwa na asilimia 8.4, wa mwaka wa pili 10.3, na mabingwa 5.9. Zitazameni vizuri hizo namba. Wa mwaka wa kwanza hakuwa wa mwisho, na bingwa hakuwa sifuri.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho kompyuta inakiona na macho ya mtu aliyechoka hayakioni. Chukueni mama wa miaka 72, kilo 45, ana kisukari, anatumia ARV. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ni 1.4. Ukiishika karatasi ya maabara, hiyo 1.4 haitishi, imepita mstari kidogo tu. Lakini piga hesabu ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayokadiria figo zinasafisha damu kiasi gani: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Unapata takriban mililita 26 kwa dakika. Chini ya 30 metformini, dawa ya kisukari, haitakiwi kabisa. Na mama huyu ameandikiwa gramu moja asubuhi, gramu moja jioni. Juu ya hapo yuko kwenye TLD, kidonge cha ARV chenye dawa tatu, na dolutegraviri iliyomo humo inaipandisha metformini mwilini, kiasi kwamba hata mwenye figo nzima anashauriwa asizidi miligramu 1,000 kwa siku. Kwa hiyo mama ana sababu mbili za kutopewa dozi ile, na hakuna hata moja inayoonekana kwa kutazama faili kwa haraka raundi ikiendelea.

Kwa ukanda wetu hili ni la kila siku. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliweka Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6 kwa watu wazima, mikoa yetu hiyo hiyo mitatu ikiwa juu kabisa nchini. Mgonjwa wa kifua kikuu akianza rifampisini, dolutegraviri lazima iwe mara mbili kwa siku badala ya moja. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma au dawa za kutuliza tindikali tumboni anatakiwa kuvitenganisha kwa saa na dolutegraviri. Tarajali wa Nyanda za Juu Kusini anakutana na mambo haya wodi ya ndani, wodi ya wazazi, hadi upasuaji. Mashine inayomkumbusha papo hapo ni neema.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye alama.

Rudini kwa yule mama. Mfumo unasoma jina la aliyeandika: tarajali. Unampa doa. Lakini ukifuatilia faili unakuta metformini ilianzishwa kliniki zamani, tena na daktari mkubwa. Mama alipolazwa, bosi kwenye raundi akasema "aendelee na dawa zake za nyumbani", na tarajali, akiwa na rundo la mafaili mkononi, akaandika alivyoambiwa. Hapo tumempima nani?

Mimi nikiwa dirishani naona maagizo ya tarajali yakija kwa njia ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna aliloamua mwenyewe, hasa usiku na wikiendi, akiwa peke yake na mgonjwa. Kuna aliloamriwa raundini, yeye ni mkono tu. Halafu kuna aliloandika kwa sababu stoo imeamua: Mwongozo unataka antibayotiki za ampisilini na jentamisini, ampisilini imeisha, mzigo wa Bohari ya Dawa haujafika, kilichopo ni seftriaksoni. Akiandika seftriaksoni mfumo unasema yuko nje ya mwongozo. Akiandika ampisilini mfumo unampa vema, na mgonjwa analala bila dawa. Yaani alama nzuri inapatikana kwa kumwacha mgonjwa bila tiba! Ongezeni na bima: dawa inabadilishwa dirishani kwa sababu haimo kwenye kitita cha mgonjwa, na mabadiliko yanarudi kusomeka kwa jina la kijana yule yule.

Wanaosema "kompyuta haipendelei" nawaomba waisome habari ya MYCIN. Ilikuwa programu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1970, ya kuchagua antibayotiki. Mwaka 1979 yakatolewa majibu ya mtihani wake: wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo, na kila mgonjwa akapendekezewa tiba na MYCIN, na walimu watano wa chuo, na madaktari wawili wa mafunzo wa ngazi tofauti, na mwanafunzi mmoja. Wataalamu wanane wa nje wakasahihisha bila kujua ipi ni ya nani. MYCIN ikapata asilimia 65 ya kukubalika. Mwanafunzi 30. Walimu wakawa kati ya 42.5 na 62.5. Watu wengi husimulia hapo wakasema mashine iliwashinda madaktari. Kinachonishtua mimi ni hiyo 62.5. Mwalimu bora kuliko wote, bingwa wa magonjwa hayo hayo, mabingwa wenzake walimkatalia zaidi ya theluthi moja ya mapendekezo yake. Kama wakubwa wenyewe hawakubaliani hivyo, huo mfumo utakaomhukumu tarajali umebeba maoni ya mkubwa yupi?

Na ushahidi ulio karibu nasi zaidi umefanyika hapa hapa. Kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022, vituo vya afya na zahanati 40 za mikoa ya Mbeya na Morogoro viliingia kwenye utafiti wa watoto chini ya miaka 15. Nusu walipewa tableti yenye programu inayomwongoza mtoa huduma hatua kwa hatua, pamoja na mafunzo na usimamizi wa karibu. Nusu waliendelea kama kawaida. Upande wa tableti, watoto walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 23.2. Upande wa kawaida 70.1. Na watoto wa upande wa tableti hawakupona vibaya kuliko wenzao. Majibu yalichapishwa 2024. Tofauti kubwa namna hiyo, kwenye vituo vyetu wenyewe, na chombo chenyewe kilifanya kazi kwa kukaa upande wa mtoa huduma wakati anaamua. Hakikukaa mlangoni kumsubiri atoke kimuandikie kosa.

Pendekezo langu basi. Kwenye ukurasa wa kuandika dawa iongezwe sehemu moja: nani kaamua. Mimi mwenyewe, nimeagizwa, au dawa ya kwanza haipo. Linalohesabiwa kwa tarajali ni lile la "mimi mwenyewe" tu. La "nimeagizwa" lihesabiwe kwa aliyeagiza, jina lake liwepo. La "haipo" liende stoo, na stoo ndiyo ijieleze.

La pili, na hili nalishikilia sana: tarajali akipita onyo la mfumo huku ameandika sababu ya maana, apewe sifa. Leo yanapendekezwa mahesabu ambayo kila onyo lililopitwa ni kosa. Mfumo wa hivyo utatulelea madaktari wanaotii skrini. Mgonjwa anatetemeka, presha inashuka, onyo linasema "subiri majibu ya kuotesha vimelea", kijana anasubiri kwa kuogopa alama. Sitaki kuwa famasi siku hiyo.

La tatu, kila wiki tarajali akae na mfamasia, wafungue maagizo yake matano au sita na wayajadili. Alama isiingie kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za utarajali kabla hajapata nafasi hiyo.

Karibuni. Wenye uzoefu wa mifumo ya hospitali nyingine mtie neno.

Tarajali Gangilonga

Kamwene mkuu. Niko Iringa, mwaka wangu wa utarajali unaendelea. Umesema tunayoyanong'ona usiku.

Niongeze moja ambalo umelisahau. Kompyuta ya wodi ni moja. Anayeingia asubuhi kwa nywila yake, jina lake linakaa pale hadi jioni. Raundi ikiwa imepamba moto hakuna anayetoka na kuingia upya. Kila mmoja anasogea na kuandika. Mwenzangu alikuta siku moja ana maagizo ya wodi ya watoto na yeye yuko upasuaji. Sasa hayo ndiyo yangepigiwa alama?

Na maonyo ni mengi mno. Yanatoka hata kwa vitu visivyo na madhara, unabonyeza "sawa" ili ufike kwa mgonjwa. Ukishabonyeza mara nyingi, lile la hatari nalo linapita na wenzake.

Daktari wa Tukuyu

Mfamasia, salaam, na pole kwa kazi. Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, nimefundisha vijana hawa kwa muda mrefu. Nakubaliana nawe kwenye mengi, ila kwenye hicho kisehemu cha "nimeagizwa" sikubaliani kabisa.

Daktari ni daktari. Nikimwambia tarajali andika metformini, na yeye ndiye aliyeona majibu ya figo asubuhi, wajibu wake ni kuniambia "bosi, kreatinini imepanda". Ukimpa mahali pa kubonyeza "nimeagizwa" umempa pa kujificha. Mwakani yuko peke yake hospitali ya wilaya, hana wa kumwagiza. Atabonyeza nini?

La maonyo kijana wa Iringa amesema kweli, na lina ushahidi. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2006 yalikuta madaktari wanayapita maonyo ya usalama wa dawa kati ya asilimia 49 na 96. Mfumo unaopuuzwa hivyo hauwezi kuwa hakimu.

Kwa nini tusiwe na mtihani? Waingereza wana mtihani wa usalama wa kuandika dawa: saa mbili kwenye kompyuta, alama 200, na mtahiniwa anaruhusiwa kufungua kitabu cha dawa. Alama 80 ni kuandika dawa kwenyewe, nyingine ni hesabu za dozi, kukagua maagizo, madhara ya dawa na ufuatiliaji. Kila mmoja anajibu yake, hakuna nywila ya mwenzio.

Mfamasia wa Nyanda

Daktari, shikamoo, na asante kwa kukataa waziwazi.

Hoja yako ya kujificha imenigusa na naona njia. Chini ya "nimeagizwa" tuweke swali jingine: uliuliza? Tarajali aliyeliona tatizo akalisema, akaambiwa aandike tu, awe na kumbukumbu kwamba alisema. Aliyeandika kimya naye aonekane, na hapo wajibu wake haukwepeki. Lakini Daktari, nawe unaijua hierakia ya wodi zetu. Kuna wodi kijana akisema "bosi, figo" anajibiwa mbele ya mgonjwa na wauguzi hadi anatamani ardhi ipasuke. Kumbukumbu hiyo itatusaidia kuzijua wodi hizo.

Mtihani siupingi. Unapima anachokijua mtu akiwa amekaa, ametulia, swali moja mbele yake. Haunionyeshi anavyoandika saa tisa usiku, wagonjwa wawili wapya mlangoni, umeme umekatika na mfumo haufunguki. Makosa ninayoyapigia simu mengi ni ya mtu anayejua jibu.

Tarajali, la nywila ni zito na nilikuwa silifikirii kwa uzito huo. Bila kulimaliza hilo hakuna alama ya mtu yeyote inayoaminika.

Sista wa Rungwe

Naomba na sisi wauguzi tusikike. Nyote mnazungumza kama namba zilizomo ndani ya kompyuta ni za kweli.

Nimeona mtoto kaletwa kutoka Kyela na malaria kali. Uzito wake kilo 9. Mapokezi waliandika 19. Daktari akaandika atesuneti, mfumo ukapiga hesabu ya miligramu 3 kwa kilo, ikaja 57. Mfumo ulikuwa umeridhika, hakuna onyo lolote, kila kitu kijani. Dozi yake halisi ilikuwa 27. Aliyeligundua ni muuguzi aliyekwenda kuvuta dawa kwenye bomba, akamtazama mtoto, akasema mtoto huyu si kilo 19, leteni mzani.

Kwenye alama zenu tarajali yule angepata vema kabisa. Na muuguzi haonekani popote kwenye mfumo.

Mama Wawili

Mimi si mtaalamu, ni mzazi tu hapa Mafinga, samahani kama nimeingilia. Nauliza: mfumo ukigundua dawa aliyopewa mwanangu jana haikuwa sawa, mimi nitaambiwa? Au itabaki kuwa alama ya daktari?

Mfamasia wa Nyanda

Mama Wawili, hujaingilia, na swali lako halikuwa kwenye andiko lolote nililoliona vikaoni. Dawa ikiwa imeshaingia mwilini, mgonjwa au mzazi ana haki ya kuambiwa, na kuambiwa na daktari aliyekaa chini kumweleza, si kwa ujumbe wa simu. Nitaliingiza kwenye pendekezo kama lilivyo.

Sista, umenyoosha kitu ambacho hata wataalamu wa mifumo wanakikwepa. Kompyuta inakagua kama dozi inakubaliana na uzito ulioandikwa. Haijui kama uzito ni wa kweli. Kwa hiyo naongeza mawili: uzito wa mtoto uwe na saa na jina la aliyepima, na mfumo ulalamike uzito usipoendana na umri. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 19 mfumo ulitakiwa umkatae pale pale mapokezi. Na anayelinasa kosa kabla halijamfikia mgonjwa, awe muuguzi au mfamasia, jina lake liandikwe, kwa sababu pale ndipo tutajua ulinzi wetu hasa uko wapi.

Naandaa karatasi ya kupeleka Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali yetu. Nitaomba tuanze na wodi moja, kwa karatasi na jedwali la kawaida la kompyuta, kabla ya kumgusa mtengeneza mfumo. Majina ya tarajali yasitoke nje ya kikao chao na mfamasia katika kipindi hicho cha kujaribu.

Tarajali Gangilonga

Mkuu, ukishaiandaa iweke hapa, nasi tuione. Na hicho kikao cha wiki kisiwekwe saa ya raundi wala asubuhi ya kutoka zamu, hatutakuja.

Daktari wa Tukuyu

Marahaba, Mfamasia. Kisehemu chako bado sikipendi, hata kwa hilo swali la "uliuliza", na nitakuja na hoja zangu kwa maandishi. Ila maagizo yangu ya raundi yahesabiwe kwa jina langu, hilo halina ubishi. Kwenye karatasi yako ongeza figo: kreatinini ya siku gani imetumika kwenye hesabu. Nimeona mfumo unachukua ya mwezi uliopita na kusema mgonjwa yuko salama.